Honorable amerudi vakansi: tumuulize habari ya shimo

Kikao cha mwezi wa tisa kilifungwa Kinshasa katika Desemba 2024, sawa vile Katiba inataka. Siku zile, ndege zilizotua Goma zilikuwa zinaturudishia wabunge wetu. Wengine walikuja kula Noeli na Bonane pamoja na jamaa. Wengine walikwenda moja kwa moja katika chumba cha mkutano cha hoteli, kuko viti vya plastiki na mikro, kufanya kile wenyewe wanaita restitution: kurudisha kwa raia habari ya kazi waliyotumwa kufanya. Ni jambo zuri, tena ni jambo la lazima. Lakini kila mwaka tunaona kitu kimoja: mchimbaji hayuko ndani ya chumba kile.

Mchimbaji iko wapi? Mwaka wa 2024, kama hakuwa chini ya shimo, alikuwa Bulengo, Lushagala ama Rusayo, chini ya hema, na mke na watoto, akingojea vita imalizike. Ama alikuwa Birere akisukuma chukudu ya mtu mwingine, yeye aliyekuwa PDG wa shimo lake mwaka uliotangulia. Hakuna aliyemwita mkutanoni. Na asipoitwa, mambo yake hayasemwi. Ndiyo maana leo tunaandika ukurasa huu kwa ajili yake, na kwa ajili ya mama anayengojea nyumbani. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi tunaongeza: kutouliza kunagharimu.

Kazi ya mbunge ni nini?

Tuanze na jambo moja ambalo linatuchanganya kila mara. Mbunge wa taifa si mkandarasi wa barabara. Si mgawaji wa mchele, wala wa vitenge na kofia. Akikuletea gunia la unga, umshukuru kama jirani, lakini usimwandikie alama ya kazi. Kazi yake ni tatu: kupiga kura juu ya sheria, kupiga kura juu ya bajeti, na kuangalia serikali inavyotumia nguvu na pesa za raia.

Kwa kazi hiyo ya tatu, Katiba yetu ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 138, imempa vifaa: anaweza kumuuliza waziri kwa maandishi ama kwa mdomo mbele ya wote, anaweza kumwita ajieleze (ile inaitwa interpellation), anaweza kuomba tume ya uchunguzi, na tume za bunge zinaweza kumsikiliza mkubwa yeyote wa kampuni ya leta. Mchimbaji anaelewa vizuri habari ya vifaa. Mtu akishuka shimoni na sururu, nyundo na taa, halafu akapanda jioni mikono mitupu, tunamuuliza: ulikuwa unafanya nini kule chini?

Basi, swali la kwanza kwa kila Honorable ni rahisi. Katika kikao hiki cha miezi mitatu, ulimwandikia waziri wa Madini maswali mangapi? Yako wapi? Alijibu nini? Kama iko karatasi, tuonyeshe karatasi. Kama hakuna, sema hakuna, na utuahidi tarehe. Ahadi ni deni.

Viti ambavyo kura haikuvijaza

Sasa tuje kwa jambo linalotuumiza zaidi. Mwezi wa Desemba 2023, wakati nchi nzima ilikuwa inapiga kura, Masisi na Rutshuru hazikupiga, juu ya vita. Kwamouth, kule Mai-Ndombe, nayo haikupiga. Zaidi ya mwaka mzima umepita. Masisi ndiko kuko Rubaya. Maana yake ni kwamba wale wanaochimba koltani inayozungumzwa dunia nzima hawakuweka karatasi yao katika sanduku la bunge hili. Sheria zinapita, bajeti inapita, na hakuna mtu aliyepewa kura yao ya 2023 aseme: hapa mnatuua, hapa mnatusaidia.

Tarehe 15 Desemba 2024, watu wa Masimanimba katika Kwilu na wa Yakoma katika Nord-Ubangi walirudi kupiga kura, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imefutwa juu ya wizi. Tunawafurahia. Tunakumbuka pia Beni na Butembo: Desemba 2018 waliambiwa wangojee, juu ya Ebola na usalama, na walichagua wabunge wao tarehe 31 Machi 2019. Kwa hiyo kurudishiwa kura iliyokosekana ni jambo linalowezekana. Tunajua vizuri kwamba huwezi kuweka sanduku la kura mahali bunduki inapiga kelele. Lakini mwaka wa 2024 mtu wa Masisi aliyelala Bulengo hakuishi chini ya bunduki ile. Alikuwa hapa, tulimuona, alihesabiwa kila mara walipogawa chakula. Je, hakuweza kuhesabiwa kwa kura? Wabunge wetu walishauliza jambo hili? Tungependa kusikia.

Na mlango wa pili nao umefungwa. Tangu 6 Mei 2021, Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya état de siège. Gavana ni mwanajeshi, na kazi ya bunge la mkoa imesimamishwa. Kwa hiyo mchimbaji ambaye zamani alikuwa anaweza kupanda mpaka kwa mbunge wa mkoa, hapa hapa Goma, bila tiketi ya ndege, leo hana pa kubisha. Imebaki Kinshasa peke yake. Tukumbuke tena kwamba état de siège haijiongezi yenyewe: Katiba inataka ruhusa ya bunge kila siku 15. Kwa zaidi ya miaka mitatu wabunge wameitwa mara nyingi waseme ndiyo ama hapana. Kila Honorable atuambie yeye alisema nini, na juu ya nini. Hatumfundishi jibu. Wengine kati yetu wanaona jeshi linahitaji nguvu ile wakati huu wa vita; wengine wanaona miaka mitatu imetosha. Lakini kura ya mbunge si siri ya nyumbani kwake.

Kuna wale watakaojitetea: mimi ni wa Goma, ama wa Walikale, ama wa Lubero; mambo ya Masisi hayanihusu. Hapo tunawasomea kifungu cha 101: mbunge wa taifa anawakilisha Taifa. Haikuandikwa mtaa, haikuandikwa kabila, haikuandikwa wilaya. Wakati kiti cha jirani hakina mwenyewe, mzigo wake unabebwa na wote. Ndivyo tunavyofanya shimoni: mwenzako akiumia, hauachi gunia lake chini.

Kode si kodi

Sheria kubwa inayotuhusu ni Kode ya Madini. Ilipigwa kwanza tarehe 11 Julai 2002, ikarekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Kode si kodi, hata kama kwetu mara nyingi vinafanana, maana kila mtu mwenye kofia anasimama njiani na anasema «kode inataka». Ndiyo maana kila familia ya mchimbaji ingefaa kujua mambo machache ambayo kode yenyewe inasema kweli.

Inasema mchimbaji wa mikono lazima awe Mukongomani, mtu mzima, na awe na karatasi yake ya uchimbaji inayotolewa na Divisheni ya Madini, ya mwaka mmoja. Inasema awe ndani ya koperative iliyokubaliwa. Inasema achimbe katika zoni iliyotengwa kwa wachimbaji wa mikono, ile inaitwa ZEA, na zoni hiyo inafunguliwa na waziri. Inakataza mtoto kushuka shimoni.

Halafu kuna mlango ambao kode yenyewe inaufunga: mahali ambapo kampuni iko na permis hai, waziri hawezi kufanya ZEA. Hapo ndipo fundo la Rubaya lilipofungwa. Vilima vile vilikuwa na permis ya kampuni SMB, na juu ya vilima vile kuna maelfu ya watu wanaochimba kwa mikono. Mwaka wa 2013 kampuni na koperative COOPERAMMA zilipatana: wachimbaji wachimbe, kampuni inunue. Kila mtu wa Rubaya anajua mapatano yale yaliishi namna gani: masemi juu ya bei, masemi juu ya malipo yaliyokawia, masemi juu ya gunia linalopita usiku. Mchimbaji alikuwa mgeni juu ya kilima alichozaliwa. Sheria inamtaka awe katika ZEA, na sheria hiyohiyo inasema pale haiwezi kuwa ZEA. Afanye nini?

Hiyo ndiyo kazi ya mtunga sheria. Si waziri peke yake. Mbunge anaweza kuleta pendekezo lake mwenyewe la kurekebisha kifungu. Kampuni isiyochimba kwa mashine kwa miaka, iambiwe irudishe sehemu ya kilima kwa leta ili ZEA ifunguliwe. Ama mapatano kati ya kampuni na koperative yawekewe sheria: bei itangazwe hadharani kila wiki, mizani iwe ya leta, malipo yawe na siku. Hatusemi njia ni moja. Tunasema tangu 2018 zaidi ya miaka sita imekwisha, na bado hatujaona pendekezo likija kutusomewa hapa.

Tuje kwa pesa. Mwaka wa 2018 leta ilitangaza koltani kuwa madini ya strateji, na kwa madini ya namna hiyo redevance ni 10 kwa mia. Tufanye hesabu pamoja, polepole. Kampuni yenye permis ikiuza koltani ya dola 1,000, inadaiwa redevance ya dola 100. Katika dola 100 hizo, 50 zinakwenda kwa leta ya Kinshasa, 25 zinakwenda kwa mkoa, 15 ni za sekta ama shefferi ambako shimo liko, na 10 zinawekwa katika mfuko wa vizazi vitakavyokuja, FOMIN. Zaidi ya hapo, kampuni lazima itoe kila mwaka 0.3 kwa mia ya mauzo yake yote kwa maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka, na iandike mapatano na vijiji hivyo: shule gani, kituo cha afya gani, maji wapi.

Zile 15 kwa mia zinaingia moja kwa moja katika konti ya sekta ama shefferi. Hazipitii Kinshasa. Kwa hiyo mtu wa Walikale, ambako Bisie inatoa kasiterite kwa mashine, ana haki ya kumuuliza mkubwa wa sekta yake: mwaka huu ziliingia ngapi, zilijenga nini? Na ana haki ya kumuuliza mbunge wake: ulishaomba hesabu ile isomwe mbele ya raia? Zaidi ya hapo, kifungu cha 175 cha Katiba kinasema 40 kwa mia ya mapato ya taifa yanayotoka mkoani yabaki mkoani, yakatwe palepale. Tangu 2006 tunasoma kifungu hiki. Bajeti ya 2025 ndiyo ilikuwa kazi kubwa ya kikao hiki. Honorable, ulipoinua mkono kwa bajeti ile, Kivu Kaskazini iliandikiwa ngapi, na ya mwaka uliopita tulipokea ngapi kwa kweli? Mbunge asiyejua namba hizo mbili hakusoma kitu alichokipigia kura.

Vita, simu na sahani ya mtoto

Mwisho wa mwezi wa Aprili 2024, Rubaya iliingia mikononi mwa M23. Mwezi wa Septemba 2024, Bibi Bintou Keita, wakati ule mkubwa wa MONUSCO, aliliambia Baraza la Usalama kwamba eneo la Rubaya lilikuwa linatoa zaidi ya 15 kwa mia ya tantale ya dunia nzima, na kwamba biashara ile ilikuwa inakiletea kikundi kile karibu dola 300,000 kila mwezi. Mchimbaji asome tena namba hiyo. Dola 300,000 kila mwezi, na mtoto wake alikuwa anasimama mstari wa bidoni kule Rusayo.

Mwezi wa Desemba 2024 tulisikia tena kwamba mawakili wa nchi yetu walipeleka mashtaka dhidi ya matawi ya Apple, Ufaransa na Ubelgiji, juu ya madini yanayotoka katika vita yetu. Apple ilikana, tena ilisema ilikwisha waambia wale wanaoiuzia wasinunue bati, tantale, tungsteni na dhahabu za Kongo na za Rwanda. Tumesikia watu wakishangilia barabarani. Sisi pia tunataka mwizi akamatwe, na anayenunua mali ya wizi ajibu mbele ya mwamuzi. Lakini turudie habari hii ya kutonunua, maana ndani yake iko sahani ya mtoto.

Wenye umri wanakumbuka. Mwezi wa Julai 2010 Marekani ilipiga sheria juu ya madini ya vita. Mwezi wa Septemba mwaka uleule, Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wote wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Ilidumu miezi sita, mpaka tarehe 10 Machi 2011. Nia ilikuwa njema: kuwanyima wenye bunduki pesa. Lakini wenye bunduki hawakuacha kuchimba. Aliyeacha ni mtu mwenye kuheshimu sheria. Watoto walifukuzwa shuleni juu ya minerval, wagonjwa walibaki nyumbani, ndege ndogo za Walikale zilipungua na bei ya chumvi ikapanda. Hakuna aliyemuuliza mchimbaji kabla ya kufunga. Hakuna aliyemlipa baada ya kufungua.

Leo mambo yale yanaweza kurudi kwa njia nyingine. Kampuni kubwa zikiogopa, hazitachagua kati ya shimo la Rubaya lenye bunduki na shimo la Walikale ama la Maniema lisilo na bunduki. Zitaacha Kongo yote. Kwa hiyo tunataka wabunge wetu waende na ujumbe wenye pande mbili, siyo upande mmoja. Upande wa kwanza: funga njia ya koltani inayovuka mpaka usiku, shtaki mnunuzi na muuzaji. Upande wa pili: shimo safi litambuliwe haraka, lipewe tagi zake, mnunuzi wake alindwe, na familia ya mchimbaji aliyekimbia vita iandikwe katika bajeti kama familia ya mkulima aliyepoteza shamba. Mbunge anayekuja na upande wa kwanza peke yake anapigiwa makofi. Mbunge anayekuja na pande zote mbili anafanya kazi.

Na vita isitufanye tusahau mauti yale mengine, yanayokuja bila bunduki. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, mvua ilijaza mashimo ya dhahabu, na makumi ya vijana hawakupanda tena. Sheria za uchimbaji zinasema shimo la mikono lisipite metre 30. Nani analipima? Huduma ya leta ya kusaidia wachimbaji, SAEMAPE, inachukua pesa yake kwa kila gunia. Raia ana haki ya kuuliza pesa ile inanunua kofia ngapi za chuma, pampu ngapi, na wakaguzi wangapi wanaoshuka kweli.

Mbunge mwenye shimo

Kuna jambo linalosemwa kwa sauti ya chini, sisi tutalisema kwa sauti ya kawaida. Katika nchi yetu, mbunge anaweza kuwa pia mwenye kilima. Mfano wote wanaujua: Édouard Mwangachuchu alikuwa mbunge wa Masisi na pia mkubwa wa SMB. Alikamatwa mwezi wa Machi 2023, na tarehe 6 Oktoba 2023 Mahakama Kuu ya Jeshi ilimhukumu kifo juu ya usaliti na kusaidia M23. Yeye alikana. Sisi si mahakama, na kesi ile hatuirudii hapa. Tunachukua somo moja tu, ambalo lingekuwa kweli hata kama asingeshtakiwa kamwe: mchimbaji wa Rubaya alipokuwa na ugomvi wa bei na kampuni, mtu wa kumpelekea ugomvi ule Kinshasa alikuwa mwenye kampuni.

Hatusemi mfanyabiashara asichaguliwe. Tunasema aseme. Kila mbunge wa Kivu atuambie: iko na hisa katika kampuni ya madini? Koperative ni ya kaka yake? Nyumba ya kununua ni ya mke wake? Akisema, tutapima maneno yake tukijua yanatoka wapi. Asiposema, tutajua pia. Na jambo hili ni kwa wote, wa chama cha serikali na wa upinzani, wa kabila hili na lile.

Katiba itazungumzwa, lakini tusisahau shimo

Tunajua vyumba vya hoteli vitajaa neno moja: Katiba. Tangu Rais Tshisekedi aliposema Kisangani, tarehe 23 Oktoba 2024, kwamba mwaka wa 2025 angeweka tume ya kufikiri juu ya Katiba, wabunge wamegawanyika. Wengine watakuja kutufundisha kusema ndiyo, wengine kusema hapana, na wote watasema wanatupenda sana.

Ndugu msomaji, kila mtu ana kichwa chake na atachagua. Sisi tunaomba kitu kimoja: Honorable yeyote atakayeongea saa moja juu ya Katiba mpya, aongee kwanza dakika kumi juu ya ile tuliyo nayo. Kifungu cha 9 kinasema leta ina mamlaka ya kudumu juu ya udongo na chini ya udongo. Leo chini ya udongo wa Rubaya nani anatawala? Kifungu cha 175 kinasema 40 kwa mia; ziko wapi? Mtu aliyeshindwa kutumia nyundo ya kwanza, ukimpa nyundo mpya atapigilia nini?

Tufanye nini sisi wenyewe

Lawama peke yake haipandishi gunia. Raia naye ana kifaa chake, na ni wachache wanaokijua. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila Mukongomani, peke yake ama pamoja na wengine, ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya leta, na mamlaka ile lazima ijibu katika miezi mitatu. Tena kinasema hakuna mtu wa kuadhibiwa juu ya kupeleka ombi kama hilo. Haihitaji maandamano, haihitaji kuchoma matairi, haihitaji kumpa polisi sababu. Inahitaji karatasi.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Koperative zilizokimbilia Goma, kamati za wakimbizi, mashirika ya wamama wanaouza na kubeba kule mashimoni, kaeni pamoja kabla ya tarehe 15 Machi, siku ambayo kikao kijacho kinafunguliwa. Andikeni ombi moja, fupi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Wekeni majina na sahihi. Asiyejua kuandika aweke kidole. Fanyeni nakala mbili, mpeleke kwa ofisi ya Baraza la Taifa kwa mkono wa mbunge mnayemwamini, na mdai muhuri wa kupokea juu ya nakala yenu. Bila muhuri, ni vigumu kuonyesha miezi mitatu ilianza lini. Na ndani ya ombi yaandikwe mambo matano tu, ili yasipotee katika maneno mengi:

Kwanza, lini na namna gani watu wa Masisi na Rutshuru watachagua, hata wale walio wakimbizi.

Pili, permis zisizochimbwa kwa mashine zirudishwe, ama mapatano na koperative yawekewe sheria ya bei, mizani na siku ya malipo.

Tatu, hesabu ya zile 15 kwa mia na zile 0.3 kwa mia isomwe hadharani kila mwaka katika kila sekta na shefferi yenye shimo.

Nne, mchimbaji aliyekimbia vita aandikwe katika bajeti, na shimo safi lisiadhibiwe pamoja na shimo la bunduki.

Tano, SAEMAPE itoe ripoti ya usalama wa mashimo: ilikagua mangapi, ilifunga mangapi, ilisaidia mangapi.

Halafu, katika mkutano wa hoteli, hata kama hukualikwa, tuma mtu. Tuma mtoto aliyefika sekondari, na kalamu na daftari. Aandike jibu la kila Honorable, na tarehe. Vakansi nyingine ikifika, mwezi wa sita, daftari ile ifunguliwe mbele yake. Tunawaambia na wabunge wenyewe, bila chuki: msiiogope daftari hii. Mbunge mwema anaihitaji kuliko sisi, maana itamtenganisha na yule asiyefanya kitu. Wako wachache wanaosimama kule Kinshasa na kusema majina ya vijiji vyetu bila kuogopa. Tunawajua, na daftari itawashukuru.

Mwaka wa 2024 uliisha vibaya. Kanyabayonga ilianguka mwezi wa sita, mkutano wa Luanda uliotazamiwa tarehe 15 Desemba haukufanyika, na barabara ya Sake ilisikika kwa masikio kuliko kuonekana kwa macho. Hatuna zawadi ya Noeli ya kuwapa wasomaji wetu wa kule mashimoni na wa kule mahemani. Tuko na maswali haya tu. Mchimbaji anajua kwamba jiwe gumu halivunjwi kwa pigo moja. Linavunjwa kwa kupigwa palepale, kila siku, mpaka lifunguke. Tupige palepale. Bonane njema kwa wote, na Honorable, karibu nyumbani. Tunakusikiliza.